Bei ya data Nairobi: maswali ninayoulizwa kila siku dirishani

Kibanda changu kiko Umoja, hatua chache kutoka steji. Nabadilisha vioo vya simu, nauza chaja, nasajili laini za kampuni yoyote unayotaka. Haipiti siku bila mtu kusimama dirishani ameinua simu kama anayeonyesha kidonda: "Fundi, bando yangu imeenda wapi?" Nimejibu hadi sauti imekauka, kwa hiyo leo nimeandika. Nikisajili laini napata kamisheni ndogo, na naipata kote, kwa hiyo sina kampuni ninayoipigia debe.

Data ya Kenya ni ghali kweli, au ni sisi tumezoea kulalamika?

Inategemea mfuko unaopimwa. Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kufikia 2025 intaneti ya kawaida isimgharimu mtu zaidi ya asilimia 2 ya pato la wastani la mwezi. Ukichukua pato la Wakenya wote ukaligawa kwa vichwa, hatuko pabaya.

Shida ni huyo Mkenya wa wastani: mimi sijawahi kumwona dirishani. Ninaowaona ni kijana wa mjengo anayepata shilingi 500 siku ya kazi, na kuna siku kazi hamna. Akinunua bando ya shilingi 20 asubuhi na nyingine jioni, hizo ni 40, yaani asilimia 8 ya alichopata. Na siku aliyokosa kazi ndiyo siku anayohitaji data zaidi, maana kazi zenyewe siku hizi hutangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kwa nini GB moja ina bei kumi tofauti?

Hili ndilo swali lenyewe, na ningeulizwa moja tu ningetaka liwe hili. GB ni ile ile, mnara ni ule ule. Unachouziwa kwa bei tofauti ni saa.

Chukua hesabu hii ya mfano. Tuseme kuna bando ya GB 1 kwa shilingi 20, ya saa moja, na nyingine ya GB 1 kwa shilingi 250, ya siku 30. Kila mtu mtaani atakwambia ya mbao, yaani ya shilingi 20, ndiyo rahisi. Wiki iliyopita nilikaa na mama mmoja anayeuza githeri karibu nami tukaangalia simu yake. Alikuwa amenunua ya saa moja saa kumi na mbili jioni, wateja wakaja, akaweka simu kwenye mfuko wa aproni. Saa moja usiku bando ilikufa akiwa ametumia MB 180. Kwa hiyo kwake GB haikuwa ya shilingi 20, ilikuwa inamkaribia 111. Saa mbili akanunua nyingine apige simu ya video kwa binti yake aliye Kitale. Hiyo nayo ikabaki na zaidi ya nusu.

Ukiona tangazo, usiulize bei ya GB. Uliza: ndani ya muda huo, na kazi zangu hizi, nitaweza kumaliza ngapi? Gawa bei kwa hizo.

Ni uchumi wa kadogo, tunaujua. Mafuta ya kupima ya shilingi 20, sukari ya kufungwa kwenye karatasi, majani ya chai ya kipande. Kwa kipimo, mnunuzi wa kadogo hulipa zaidi ya anayebeba mtungi. Ila mafuta yako ya kadogo yakibaki kwenye sufuria, muuza duka haji usiku wa manane kuyamwaga.

Lakini si kuna bando zisizoisha muda?

Zipo. Safaricom ilizianzisha Oktoba 2019, baada ya wateja kulalamika kwa muda mrefu na suala la data inayoisha muda kupelekwa mbele ya mahakama maalum ya mawasiliano. Ni ushindi, na mimi huziuza. Lakini kwa kila MB unalipa zaidi kuliko bando zenye saa, kwa hiyo mwenye shilingi 20 mkononi anarudi kwenye ya saa moja. Kwa mtu anayetumia WhatsApp ya maandishi tu na M-Pesa, hizi zisizoisha ndizo ninazomshauri. Kwa kijana wa kutazama mpira, hapana.

Kenya ina kampuni ngapi za simu? Si zinashindana?

Majina ni mengi kuliko ushindani. Safaricom ina takriban theluthi mbili ya laini, Airtel karibu theluthi moja, na waliobaki wanagawana makombo: Telkom, Faiba ya Jamii Telecommunications, na Equitel, ambayo haina minara yake bali hupanda mgongo wa Airtel.

Haikuwa hivi daima. Kati ya 2008 na 2014 tulikuwa na mitandao minne iliyokuwa ikipigana kweli: Safaricom; ile iliyoanza kama KenCell mwaka 2000, ikawa Celtel, ikawa Zain, na tangu 2010 ni Airtel; Orange ya Telkom; na mtandao ulioitwa yu, wa Essar. Wazee wenzangu wanakumbuka Agosti 2010, Zain iliposhusha dakika hadi shilingi 3 kwenda mtandao wowote na wengine wakalazimika kufuata. Watu walipiga simu hadi betri zikavimba. Mwaka 2014 yu ikafunga virago: wateja wakaenda Airtel, mitambo ikaenda Safaricom. Telkom na Airtel zilitangaza kuungana Februari 2019, mpango ukavunjika Agosti 2020. Telkom imedhoofika tangu hapo, na ninaposajili laini yake huwa nauliza kwanza, "Unaishi wapi?"

Kama kampuni ya pili ina bei nafuu, mbona watu hawahami?

Mwanamume mmoja aliniambia, "Fundi, mimi sijafungwa na data, nimefungwa na chama." Hakuna mchumi aliyenieleza vizuri kuliko yeye.

M-Pesa ilianza Machi 2007 na ndiyo inayobeba sehemu kubwa mno ya pesa za simu nchini. Kodi ya nyumba inalipwa huko, karo huko, mchango wa chama cha akiba huko, wa matanga huko, na konda wa matatu anataja namba ya till, ya kumlipa kwa simu, kabla hujakaa. Ili uwe na M-Pesa lazima uwe na laini ya Safaricom. Na ukishakuwa na laini hiyo kwenye simu yenye nafasi moja ya kadi, unanunua data wapi? Papo hapo. Kwa hiyo ushindani wa data haupotelei kwenye data. Unapotelea kwenye pochi.

Haya yamelegezwa kidogo kidogo. Mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani ilitaka mawakala wa M-Pesa waruhusiwe kuhudumia kampuni nyingine pia. Kabla ya hapo wakala alikuwa wa Safaricom peke yake. Tangu 2018 unaweza kutuma pesa kutoka pochi ya mtandao mmoja hadi mwingine, na mwaka 2022 malipo ya dukani nayo yakaanza kufunguliwa. Lakini tazama mabango ya maduka hapa mtaani uhesabu rangi. Kijani, kijani, kijani: rangi ya Safaricom.

Sababu ya pili ni mtandao wenyewe kufika. Mjini hapa tofauti ni ndogo, ila mtu wa Umoja ana mama kijijini, na anachagua laini inayoshika kwa mama yake. Kampuni yenye wateja wengi ina pesa ya kujenga minara mingi, minara mingi inaleta wateja zaidi, na mchezo unaendelea hivyo.

Na kuhama na namba yangu je?

Inawezekana tangu Aprili 2011. Unaenda duka la kampuni unayohamia na kitambulisho chako. Wachache sana hufanya hivyo, kwa sababu namba inahama lakini M-Pesa haihami nayo. Simu ya laini mbili ndiyo iliyotatua kilichoshindikana: laini moja ya pesa, nyingine ya data. Kama simu yako ina nafasi mbili na moja ni tupu, unalipia uvivu.

Kati ya shilingi 100 za data, serikali inachukua ngapi?

Takriban 25. Kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, halafu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inayopigwa juu ya bei ambayo tayari ina huo ushuru. Ukiweka shilingi 100, huduma yenyewe ni kama 75. Ushuru huo uliwekwa kwenye data kwa asilimia 15 mwaka 2018, ukapanda hadi 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuurudisha 20, na sote tunajua maandamano ya barabarani Juni ile yalivyouangusha.

Hapa huwa naulizwa kama ushuru uliposhuka 2023 bei nazo zilishuka. Katika soko lenye ushindani mkali ningetarajia kila kampuni ikimbilie kutangaza "tumeshusha zaidi ya jirani." Zamani, 2010, ndivyo ilivyokuwa kwa simu za sauti. Sasa punguzo likija huja kimya kimya, kama nyongeza ya MB kwenye bando ambayo hukumbuki ilikuwa na ngapi jana.

Tuliambiwa nyaya za baharini zitashusha bei. Ziliishia wapi?

Zilishusha, tena sana, ila kwenye bei ya jumla. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilipitia setilaiti. Mwaka huo SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa, mwaka uliofuata EASSy, na nyingine zimekuja baadaye. Siku nyaya mbili zinapokatika pamoja tunakumbushwa zilivyo muhimu, kama Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, ambapo nusu ya wateja wangu walidhani simu zao zimeharibika.

Kutoka Mombasa hadi mfukoni mwako kuna safari bado: faiba ya nchi kavu, mnara, dizeli ya jenereta, masafa yanayolipiwa serikalini, kodi, na faida. Faida ndiyo sehemu ambayo ushindani huibana. Usipokuwepo, unafuu wa baharini hunywewa njiani.

Kidokezo kwa wapenda historia: wakati mmoja barua pepe kutoka Westlands kwenda Upper Hill, hapa hapa Nairobi, ilizunguka ng'ambo kwanza. Watoa huduma walipojenga kituo chao cha kubadilishana data hapa Nairobi, KIXP, mwaka 2000, Telkom iliyokuwa na ukiritimba ililalamika na mdhibiti akaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena 2002. Kwa hiyo haya si mambo ya jana.

Kwa nini Mamlaka ya Mawasiliano isipange bei tu?

Kwanza tutenganishe mbili, maana zinachanganywa. Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ile yenye jengo Waiyaki Way, hutoa leseni na masafa. Mamlaka ya Ushindani, CAK, inasimamia Sheria ya Ushindani ya 2010. Chini ya sheria hiyo, kampuni yenye angalau nusu ya soko ni yenye nguvu kuu. Lakini kuwa mkubwa si kosa. Kosa ni kuutumia vibaya ukubwa huo. Ndiyo maana mjadala wa "Safaricom itangazwe kuwa yenye nguvu kuu" umeenda na kurudi kwa miaka, kukiwa na washauri wa Analysys Mason walioajiriwa na CA kuchunguza soko, bila mteja wa dirisha langu kuona tofauti.

CA haihitaji kupanga bei yako ya rejareja ili kuishusha. Ina kifaa kingine: ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine simu inapovuka mtandao. Mwaka 2010 iliikata kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na muda mfupi baadaye ndipo Zain ikatangaza ile dakika ya shilingi 3. Baadaye ada ikateremka hadi senti 99. Ilipotaka kuifikisha senti 12 kuanzia 2022, Safaricom ilikwenda kwenye mahakama ya mawasiliano, na mwishowe ikawa senti 58, halafu 41 kuanzia Machi 2024. Ada hiyo inahusu sauti. Kwa data, kifaa kama hicho kingekuwa kuwalazimisha wenye minara kuwapangishia wengine kwa bei ya haki, ili mdogo aweze kumfikia yule mama wa kijijini. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo pa kusukuma.

Na ukweli mwingine usemwe. Baada ya kuuzia umma hisa za Safaricom mwaka 2008, serikali ilibaki na asilimia 35. Ikapata kodi, ikapata ada za leseni, ikapata na gawio. Mwamuzi mwenye jezi ya timu moja chini ya shati lake anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini mimi ningependa avue.

Kuna nchi iliyowahi kulazimisha bei ishuke?

Afrika Kusini. Baada ya kampeni za mitandaoni za "data lazima ishuke" zilizoanza 2016, Tume ya Ushindani ya huko ilichunguza soko lote na Desemba 2019 ikazitaka Vodacom na MTN zipunguze bei za bando za mwezi kwa kati ya asilimia 30 na 50. Aprili 2020 GB moja ya siku 30 ya Vodacom ikashuka kutoka randi 149 hadi 99. Cha kuvutia ni kwamba tume ililitazama pia suala la kadogo: kwamba anayenunua kidogo hulipa zaidi kwa kila MB kuliko anayenunua nyingi. Vodacom hiyo hiyo ni mwanahisa mkubwa wa Safaricom, kwa hiyo mafundisho hayako mbali.

Starlink si imekuja kutuokoa?

Kwa anayeweza kununua sahani ya kupokea intaneti yake ya setilaiti, imesaidia. Kwa mwenye shilingi 20, bado. Lakini kuja kwake Julai 2023 kulionyesha ushindani hufanya nini. Mwaka 2024 Safaricom iliiandikia CA ikitaka setilaiti za kigeni zipitie ushirikiano na kampuni za hapa. Mwezi Septemba mwaka huo huo ikaongeza kasi ya faiba yake ya nyumbani kwa bei ile ile. Waliokuwa na Mbps 40 wakapewa 80. Faiba haikubadilika usiku mmoja. Ilikuwa na uwezo huo, ikawa imekosa sababu.

Novemba 2024 Starlink ilisitisha wateja wapya Nairobi kwa sababu nafasi ilijaa, ikafungua tena Juni 2025.

Wi-Fi ya mtaa, ile ya kulipia kwa till, ni nzuri?

Kwa bei, mara nyingi ndiyo bora kuliko yote. Mtu mmoja analeta faiba, anaweka vifaa juu ya ghorofa, mnalipa kwa saa au kwa wiki. Mitaa kama Pipeline na Roysambu, bila hiyo wanafunzi wengi wasingesoma. Uliza kama ana leseni ya CA au anapata intaneti kwa aliye nayo, na usiingie benki kwenye Wi-Fi usiyomjua mwenyewe.

Ghorofa letu lina kampuni moja tu ya faiba. Kea-teka, msimamizi wa jengo, amekataa nyingine.

Hiyo ni ukiritimba wa ngazi. Wapangaji wakienda kumi pamoja kwa mwenye nyumba, huwa anasikia. Mmoja mmoja, hasikii.

Data imemeza kredo yangu yote. Nifanyeje?

Pole, yamenipata. Niliweka kredo ya shilingi 200 ya kazi, bando ikaisha katikati ya kupakua programu ya mteja, na kabla sijafuta jasho zilikuwa zimebaki 3. Nilipiga huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki dakika kumi na mbili, nikaambiwa "matumizi yako ni halali." Na kweli yalikuwa halali.

Siku hizi nafanya hivi kwa kila simu inayopita mikononi mwangu: nawasha Kiokoa Data, nazima upakuaji wa kiotomatiki wa picha na video kwenye WhatsApp, naweka Play Store isasishe kwa Wi-Fi tu. Kisha kwenye menyu ya data ya mtandao wako, natafuta sehemu ya kuzuia matumizi nje ya bando. Ikiwa umekatwa isivyo haki, lalamika kwanza kwa kampuni na uitishe namba ya malalamiko. Wasipokujibu, peleka CA ukiwa na namba hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa taarifa za kutosha kuhusu unachonunua.

Nikope kredo ninunue bando?

Okoa Jahazi, huduma ya Safaricom ya kukopesha kredo, ina ada ya asilimia 10. Umekopa 100, umepata 90. Ukijumlisha na ile 25 ya serikali, piga hesabu mwenyewe imebaki data ya shilingi ngapi.

Wewe fundi unatumia laini gani?

Mbili. Ya kwanza ni ya pesa na ya mama yangu. Ya pili hubadilika. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua, napiga menyu za kampuni tatu na kuandika bei kwenye kipande cha kartoni: bei, MB, muda. Yenye afadhali wiki hiyo ndiyo ninayoiwekea data. Tangu nianze, afadhali imehama mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Kartoni iko ukutani, kushoto kwa chaja. Ukipita piga picha, lakini angalia tarehe, maana ya wiki jana niliisahau pale pale na watu wawili wamenigombeza.